Shina la Rukaiya, Matawi ya Kaimu

Kuna watu ukiwataja unatamani usukutue kinywa kwanza. Mimi si mtu wa kusema watu, na kwa umri huu mtu hutafuta maneno laini, lakini habari ya Rukaiya binti Hemedy siwezi kuisimulia bila kumtaja Kaimu, na nikimtaja Kaimu mate yananijaa. Nivumilieni.

Rukaiya ni mwanamke wa upande wa Chiola, katika kitongoji cha ndani ndani huko Nachingwea. Mfupi, mwenye hatua za haraka, na chini ya mikorosho yake hapaoti hata jani. Anafagia kama wengine wanavyofagia uani, na korosho ikidondoka unaiona palepale ilipolala. Shamba lenyewe liko nyuma ya nyumba yake na linateremka mpaka bondeni. Miti ile aliipanda yeye na mama yake, yeye akiwa mwali bado. Mama anachimba shimo, binti anamwagia maji. Kwetu huku ardhi inafuata upande wa mama, na mti unamfuata aliyeupanda. Mama alipofariki, shamba likabaki kwa Rukaiya, na hakuna aliyeuliza.

Mume wake wa kwanza alikuwa Jumanne, mtu mpole sana. Walipata mtoto mmoja, Zuhra, ambaye sasa ameolewa Kiegei. Miaka yote Jumanne aliokota korosho pamoja na mkewe, akapulizia miti dawa ya salfa, akabeba magunia mpaka ghalani, na ukimwuliza korosho za nani anakujibu, "Za mama Zuhra. Mimi mbebaji." Alipokufa, ndugu zake walikuja siku ya arobaini, wakachukua baiskeli yake na redio, wakaondoka. Mikorosho hawakuigusa wala kuitazama mara mbili. Hao walikuwa watu.

Rukaiya akakaa mjane muda mrefu. Halafu akatokea Kaimu wa Nandagala, Ruangwa.

Kaimu alikuwa na ufundi mmoja unaotafutwa sana huku: kubebesha mikorosho. Kwa asiyejua, mkorosho ukizeeka unazaa kidogo na korosho zake ndogo. Basi fundi anaukata, anabakiza shina la kufika kiunoni. Shina linachipua. Fundi anachukua vikonyo, yaani vijiti vichanga vya mkorosho wa mbegu bora, anavipachika kwenye yale machipukizi na kuvifunga kwa nailoni. Vikishika, mti unakuwa na mizizi ya zamani na kichwa kipya, na haupiti muda mrefu unazaa korosho kama vidole gumba. Kaimu alikuwa na mkono mzuri wa kazi hiyo. Hilo simnyimi.

Aliingia kwa Rukaiya kwa maneno ya sukari. Rukaiya si mjinga. Alikwishaona wajane wenzake wakiolewa na kutoka kwenye ndoa hawana hata kuku. Akamwambia Kaimu waziwazi, "Mimi nitaolewa, lakini kwanza tutembee shambani mbele ya watu."

Sheikh mmoja kijana alishauri waandikishe shamba kwa mtendaji wa kijiji. Wazee wakaguna. Mzee Abdulatifu, mkubwa wa wazee wa kitongoji kile, akasema, "Karatasi siku ya ndoa ni nuksi. Tumetembeza mashamba tangu enzi za babu zetu, na macho ya watu hayaliwi na mchwa." Rukaiya akakubali. Ndivyo mama yake angefanya.

Wiki ile nilikuwa nimefikia Nandagala kwa jamaa zangu, kwa hiyo nikaja na upande wa bwana harusi. Tulitembea wote, Rukaiya mbele. Kila kwenye pembe ya shamba anagusa mti na kusema, "Huu ni wangu na wa mama yangu. Anayeingia kwangu anaingia nyumbani. Kwenye mti haingii." Nyuma yake alikuwa kaka yake, Twalha, anaitikia kwa sauti, "Tumesikia!" Kwa desturi yetu kaka ndiye ukuta wa dada, jambo la dada likiharibika, anaulizwa yeye.

Kaimu alicheka. "Mama Zuhra, mimi naoa mtu, sioi mikorosho!" Watu wakacheka naye. Jirani wa Rukaiya, Valentina, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, hakucheka. Alimtazama Kaimu kama anavyotazama samaki wa sokoni ambaye macho yake yameingia ndani.

"Mbona umenuna, dada?" Kaimu akamwuliza.

"Sijanuna, shemeji. Nanusa."

Ndoa ikafungwa. Na kwa kweli mwanzo ulikuwa mzuri. Kaimu alihamia kwa mkewe kama desturi inavyotaka. Nikipita nakaribishwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na Kaimu ananiita "babu" kwa heshima zote. Ila alikuwa na namna yake ya kula iliyonikera: analamba kidole kimoja kimoja, polepole, huku anatazama shambani.

Msimu wa kwanza korosho zilikuwa haba. Kaimu akamwambia mkewe, "Mke wangu, miti imezeeka hii. Watu wanalipa kwa fundi, nawe fundi unalala naye. Niachie niibebeshe."

Rukaiya akasita. Akaniuliza hata mimi, "Babu, unaonaje?" Nikasema sijui mikorosho, na ndivyo ilivyo. Akamwuliza kaka yake. Twalha akasema, "Bahati imekujia mlangoni, unaiuliza jina?" Basi akakubali.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa lake, na si kosa la ujinga, ni kosa la adabu. Huku kwetu ukimwita mtu akufanyie kazi shambani, unamlipa mbele ya mtu mwingine, hata kwa kuku, hata kwa kipimo cha mbaazi. Ukishalipa, kazi imekufa na mkono wake umetoka. Mkono usiolipwa hubaki shambani. Rukaiya aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini mke gani atamwita jirani asimame ashuhudie anamlipa mumewe kuku? Angeonekana anamtukana. Akaona aibu, akanyamaza, akampikia tu kila siku na kumpelekea maji kule shambani.

Kaimu alianza na miti ya upande wa barabarani, ile mizuri, halafu akaendelea mpaka yote ikawa imepata vichwa vipya. Vikonyo vikashika. Miti ikafunga majani, na iliporudi kuzaa, watu walisimama njiani kuitazama. Hapo ndipo ulimi wa Kaimu ulipogeuka. Kwanza ulikuwa "mikorosho yetu". Baadaye nikamsikia mnadani Ruangwa anamwambia mnunuzi wa ufuta, "Mimi mikorosho yangu ya Chiola msimu huu itanitoa." Nikadhani nimesikia vibaya.

Haukupita muda Kaimu akaoa mke mwingine kwao Nandagala, binti mdogo aitwaye Mwanaima. Rukaiya hakupiga kelele. "Sheria inamruhusu mume," akasema, "lakini mimi pia naruhusiwa kuchoka." Akaomba talaka yake. Kaimu akampa kwa ujumbe wa simu, maneno mawili tu, na chini yake ameandika: "Msimu nakuja kuokota."

Rukaiya alinionyesha ule ujumbe. "Babu," akasema, "huyu mtu anafikiri atakuwa anaingia kwangu kila mwaka mpaka nife. Na nikifa ataingia kwa Zuhra."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Gunia la korosho lilikuwa jambo dogo; kubwa lilikuwa njia ya kuingilia shambani. Kama Kaimu akipata haki ya kuokota, anapata njia ya kupita uani kwa Rukaiya, na kila msimu atakuja na mkewe na vikapu vyao, na mama wa watu atakaa ndani kama mpangaji.

Wazee wakaitisha baraza nyumbani kwa Mzee Abdulatifu. Tulipofika na Rukaiya tukawakuta wamekwishakula. Kaimu alikuwa ametangulia tangu asubuhi na jogoo wawili na mchele, na sinia la pilau lilikuwa bado halijaondolewa. Wazee waliamua kesi ile vidole vinang'aa mafuta. Mmoja alikuwa anachokoa jino kwa njiti ya kiberiti huku Rukaiya anaeleza, na kila kinachotoka anakitazama kabla ya kukitema.

"Mama, hebu tuelewane," Mzee Abdulatifu akasema. "Miti hii nani aliikata?"

"Yeye."

"Nani aliyebebesha?"

"Yeye."

"Ulimlipa?"

"Mzee, mume analipwa? Nilimpikia, nilimfulia, nilimkanda mgongo."

"Hayo ni ya ndoa."

"Na kazi yake haikuwa ya ndoa?"

Mwenye njiti akasahau jino lake. Kaimu akaona mambo yanateleza, akasimama. "Wazee wangu, mimi sikatai, tulitembea. Tulitembea kwenye mikorosho ya zamani. Ile ya zamani niliikata, kuni zake alipikia yeye mwenyewe. Hii iliyopo leo ni vikonyo vyangu, nilivibeba kichwani kutoka Nandagala kwenye gunia bichi. Korosho inaota kwenye tawi. Kuna aliyeona korosho inaota kwenye shina?"

Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa. Wallahi, waliitikia.

Valentina hakuwa ameitwa, lakini alikuwa amesimama nje ya upenu na jembe lake. "Samahani, wazee. Kinyozi akininyoa, kichwa kinakuwa chake?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Abdulatifu akakasirika. "Wewe mama si wa huku. Mambo ya mila yetu huyajui."

"Nimezaliwa nyumba ile pale, mzee. Pilau ndiyo siijui, sikualikwa."

Ndipo akainuka Twalha. Mimi nikapumua, nikasema sasa ukuta umesimama. Twalha akakohoa, akarekebisha kofia yake, akasema, "Mimi kama kaka, nasema tusiwe na choyo. Dada yangu ni mwanamke, ana hasira ya uke wenza. Mwenye mkono apewe haki ya mkono wake."

Rukaiya alimgeukia. Alimtazama tu, na Twalha akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Wote tulijua. Wiki ile ile Kaimu alikuwa ameshaanza kumkatia Twalha mikorosho yake ili aibebeshe, na wengine pale barazani walikuwa wanangoja zamu. Nimeona fisi, nimeona mbwa wakigombea kondo la nyuma la mbuzi. Hawa walikuwa wamevaa kanzu na wanataja jina la Mungu katikati.

Mzee Abdulatifu akatoa hukumu. "Shina ni la mama. Matawi ni ya Bwana Kaimu. Korosho za kwenye matawi ni zake, na atamgawia mama kidogo kwa ihsani, maana mti umesimama kwenye ardhi yake."

Kwa ihsani! Mwanamke agawiwe korosho za miti ya mama yake kwa ihsani!

Rukaiya akainua mkono kama mtoto darasani. "Mzee, mmesema shina ni langu?"

"Lako."

"Hakuna wa kulidai?"

"Hakuna."

"Na matawi yake?"

"Yake."

"Naomba useme kwa nguvu, sikio hili la kushoto limechoka."

"Shina lako, matawi yake!" Mzee akapaza sauti, na wengine wakacheka, wakidhani mwanamke amevunjika. Kaimu alicheka kuliko wote. Rukaiya akashukuru kwa adabu, akajifunga kanga yake, akaenda zake.

Valentina alimfuata njiani. "Twende baraza la ardhi la kata, mama Zuhra. Hawa si watu."

"Nitakwenda, nitarudi, nitaitwa tena. Na korosho zitaiva tu. Yeye atakuwa anaokota mimi nikiwa kwenye foleni."

"Sasa?"

"Msumeno wa baba Dickson upo?"

Baba Dickson ni Silvanus, mume wa Valentina, mpasua mbao. Msumeno ulikuwepo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeketi upenuni kwa Silvanus nakunywa chai ya rangi tuliposikia msumeno unalia shambani kwa Rukaiya. Tukaenda. Mikorosho ilikuwa imechanua, na mingine ina korosho changa za kijani zimening'inia. Rukaiya alikuwa anakata chini kidogo ya pale vikonyo vilipounganishwa, tawi kwa tawi. Kwenye mti wa kwanza alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hajifuti. Mti wa pili akanyamaza. Kufika wa tatu Silvanus akaomba ampokee, naye Rukaiya akakataa, akasema, "Wewe shika tawi lisipasue shina. Shina ni langu."

Kila tawi lililoanguka Valentina alilivuta mpaka kandokando ya barabara na kulilaza. Utomvu ulimwunguza mikono, akapaka majivu, akaendelea.

Twalha akaja mbio, hana hata viatu. "Dada! Umerogwa?"

"Nasafisha shina langu, kaka."

"Huu ni utajiri wa ukoo unaukata!"

"Jana ulikuwa wa Kaimu."

"Utakula nini msimu huu?"

Rukaiya akasimamisha msumeno. "Twalha, umekula jana kwa niaba yangu. Nimeshiba."

Akarudi kukata. Twalha akakaa chini kwenye vumbi. Sikumwonea huruma, na mimi huwa nahurumia hata kenge.

Wazee wakaja. Mzee Abdulatifu akaanza, "Mama, hatukusema hivi..." Valentina akamkata, "Mzee, ulisema kwa sauti, mimi nilisikia mpaka kisimani." Mwenzake, yule wa njiti, akapendekeza baraza likae tena. Lakini wakae kuamua nini? Matawi yalikuwa barabarani, yote, hakuna lililoibwa. Wakazungukazunguka, mmoja akaokota korosho changa akaitia mfukoni, wakaondoka.

Kaimu alifika adhuhuri kwa bodaboda, na Mwanaima nyuma yake amekumbatia magunia matupu. Alikuwa amepigiwa simu, lakini nadhani hakuamini. Aliona barabara imejaa majani na nyuma yake mashina matupu mpaka bondeni, kama watu waliovuliwa vilemba.

"Umeua miti!" akapiga kelele. "Rukaiya, umeua miti yangu!"

Rukaiya alikuwa amekaa juu ya shina lililo karibu na njia, msumeno mapajani. "Matawi yako hayo, Bwana Kaimu. Hesabu kama kuna lililopungua. Chukua, uyapeleke Nandagala."

"Nitakushtaki!"

"Kwa nani? Hakimu wako amepita sasa hivi, ana korosho yako mfukoni."

Nilidhani mtu akifikia hapo ataona haya, atapanda pikipiki, ataondoka. Sivyo. Kaimu alitazama huku na huku, akakunja suruali, akachuchumaa kwenye yale matawi. Akaanza kuchuma. Korosho za kijani, laini, zisizofaa kuuzwa wala kukaangwa, bado zina utomvu mtupu. Anazichuma na kuzitupa guniani. Anapekua majani kama kuku jalalani. Utomvu unamwunguza, analamba kidole, anatema, anaendelea. Watu walijaa barabarani wanatazama, hakuna aliyecheka. Mke wake alisimama na gunia wazi, uso ameugeuzia porini. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, twende." Akamjibu, "Shika vizuri gunia."

Niliondoka nikaenda nyuma ya kichaka nikatapika ile chai. Si msemo. Nilitapika.

Alijaza magunia yake. Dereva wa bodaboda akakataa kuyabeba, akasema yatachafua kiti. Kaimu akajitwika moja, mkewe moja, wakaenda kwa miguu kuelekea njia kuu, naye hata hakugeuka kumwona binti yule anavyoyumba. Rukaiya alingoja mpaka wamepotea kwenye kona. Akainuka, akakata miiba, akaiziba ile njia ya kupita uani.

Msimu ule Rukaiya hakupeleka ghalani hata gunia moja. Alipalilia kwa Valentina akalipwa mbaazi, akapanda ufuta katikati ya mashina kwa kuwa jua lilikuwa linafika chini sasa. Watu wa kitongoji waligawanyika; wapo waliomwita kichaa, tena kwa sauti, hasa wale ambao Kaimu alikuwa amewakatia mikorosho yao na hakurudi tena kuibebesha. Twalha ni mmoja wao. Alibaki na visiki, na dada yake anamsalimu kwa heshima zote, "Shikamoo, kaka," bila kumkaribisha kukaa.

Nilipita tena wakati wa masika. Nikapiga hodi uani, kimya. Nikazunguka nyuma. Rukaiya alikuwa ameinama kwenye shina la mbali, kisu kidogo mkononi. Mashina yalikuwa yamechipua kotekote, machipukizi mekundu yamesongamana. Alikuwa anachagua, lililo imara analiacha liwe tawi jipya, dhaifu analikata. Hakunisikia. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikamngoja amalize mstari wake.